Na Mfuko wa Fimbo, Ihumwa Hadi Morogoro

Alhamisi jioni, Ihumwa, Dodoma

Likizo yangu imepitishwa leo, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshapanga: nitabeba mfuko wa fimbo mpaka Morogoro, nipitie Kongwa kwa shangazi, kisha nirudi kwa treni. Nikirudi nataka niwe na jibu la swali linalonisumbua mwaka huu wote, kama niendelee na gofu au seti hii nimpe mtu anayeitamani. Nitaandika kila siku inapoisha, maana mambo ya mchezo huu yakilala usiku mmoja tu hubadilika rangi.

Gofu nilijifunzia Dar es Salaam, Lugalo, kwenye kiwanja cha jeshi ambacho sisi raia nasi tunacheza. Miaka ile Jumamosi ilikuwa haiguswi. Natoka nyumbani alfajiri, umande bado uko kwenye majani, na kabla jua halijawa kali nimeshamaliza mashimo 18 na mwili umechoka kule kuchoka kuzuri. Handikapu, yaani mapigo anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, ilishuka mpaka 24, nikaanza kuitamani 20. Kisha serikali ikahamia Dodoma. Uamuzi wenyewe ni wa mwaka 1973, ila sisi wa maofisini ulitufikia baada ya 2016, wizara moja baada ya nyingine, hadi ikawa zamu yetu kufunga makabrasha. Sikulalamika wakati ule na silalamiki leo. Dodoma imenipa mahali pa kujenga, hewa kavu iliyoniondolea mafua, na usingizi ambao Dar sikuwa nao. Lakini kiwanja nilichokizoea kimebaki kilomita zaidi ya 450 kutoka mlangoni kwangu.

Mwanzoni nilikuwa nakwenda kila mwisho wa mwezi. Baadaye nikawa nasubiri safari ya kikazi au msiba ndipo niunganishe na raundi. Mwisho mfuko ukahamia stoo.

Mtu akiacha gofu watu husema amekosa muda, au amekosa hela. Yote mawili yapo, siyakatai. Ila kwangu hamu ilianza kupungua mikononi kabla haijafika moyoni. Seti ninayoitumia ni ya kaka yangu, aliyeniachia baada ya daktari kumkataza kuzungusha kiuno. Ni fimbo nzuri sana, na kwa mwanamume wa futi sita mwenye mabega hazina kasoro. Mipini ni ya chuma, ile migumu isiyopinda ovyo, na mpini mmoja wa aina hiyo unaweza kufika gramu 120. Fimbo za kike huwa na mipini ya grafaiti, nyingi zake uzito wake hata nusu ya huo haufiki, tena ni fupi kwa kama inchi moja. Mimi namfikia kaka begani. Lugalo, kwenye majani laini na mazoezi ya kila wiki, tofauti hiyo niliimeza. Huku nilipo sasa imeninyima raha.

Ijumaa

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye uwanja wazi nyuma ya nyumba zinazojengwa, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Septemba hapa ni upepo na vumbi. Mvua ya mwisho ilikuwa mwezi wa nne, na ya mwaka mzima kwa kawaida haizidi sana milimita 570, nyingi ikishuka kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo ardhi iko wazi, ngumu, imepasuka hapa na pale, na mpira ukiuweka unakaa juu ya udongo mtupu bila jani hata moja la kuuinua.

Nimekaa pale zaidi ya saa nzima na nimeona wazi kitu ambacho mwanzoni nilikuwa nakihisi tu. Nilitoa fimbo ya mchanga, ile ambayo uso wake umelala nyuzi 56, nikajaribu mapigo mafupi ya hatua thelathini. Kila mara tako la fimbo lilidunda kwanza kwenye udongo, ukingo wa fimbo ukaupata mpira katikati, nao ukaondoka chinichini kwa kasi kuelekea kwenye rundo la tofali. Sababu yake inaeleweka. Fimbo ya mchanga imetengenezwa na tako lililovimba chini ili isizame. Gene Sarazen, Mmarekani, aliitumia fimbo ya namna hiyo aliyoiunda mwenyewe kutwaa ubingwa wa British Open mwaka 1932, na tangu hapo kila mfuko una moja. Kwenye mchanga mwororo tako lile ni mwokozi. Fimbo yangu ina nyuzi 14 za uvimbe huo, na juu ya udongo wa Dodoma wa mwezi wa tisa haina kazi ila kudunda. Nilipochukua fimbo namba tisa, yenye tako jembamba, nikausukumia mpira chini bila kujaribu kuuinua, ulikwenda vizuri. Atakayenisoma akiwa Singida, Manyoni au Mpwapwa na anafanya mazoezi kwenye ardhi ya namna hii, namsihi aiache fimbo ya mchanga ndani ya mfuko mpaka mvua inyeshe.

Namba saba ndiyo iliyoniumiza. Pigo likikosea kidogo juu ya ardhi ngumu, mtikisiko wote unapanda kwenye mpini wa chuma na kuingia kiwikoni. Baada ya mapigo kadhaa nilianza kulegeza mikono kabla fimbo haijafika kwenye mpira, kwa woga wa maumivu. Hapo ndipo gofu inapoharibika. Mwili ukishajifunza kukwepa, huwezi kuuamuru usikwepe.

Mchana nilikwenda Majengo. Mishiko ya mpira iliyo juu ya fimbo ilikuwa imekauka na kuteleza kwa joto la stoo na la buti ya gari, na mishiko mipya nilikuwa nayo, nimeletewa kutoka Dar tangu mwaka jana ikiwa ndani ya karatasi yake. Fundi wa gofu huku simjui, nikaenda kwa fundi baiskeli anayekaa karibu na soko, kwa sababu kazi ni ileile ya kuvisha usukani. Kijana alinipa shikamoo, akachukua fimbo moja akaigeuza akaitazama kwa heshima.

"Mama, hii ni chuma kweli. Unapigia nini?"

Nikamweleza. Akauliza mpira wenyewe una ukubwa gani, nikautoa mfukoni. Sheria inasema usipungue kipenyo cha milimita 42.67 wala usizidi gramu 45.93, na nilipomwambia hivyo alicheka kwa furaha, akasema hata beringi hazina masharti hayo.

Kazi yenyewe aliielewa mara moja. Alichana mishiko ya zamani kwa wembe akikata kuelekea nje, akakwangua gundi kavu, akazungushia mpini gundi ya karatasi yenye kunata pande zote mbili. Halafu akamwagia petroli kidogo ndani ya mshiko mpya, akaitikisa, akaimwaga juu ya gundi ile, na kwa sekunde chache ambazo kila kitu kinateleza akausukuma mshiko mpaka mwisho kama mtu anayemvisha mtoto soksi. Ukichelewa unanasa nusu ya njia na kazi imeharibika. Hakuchelewa hata mara moja. Aliniambia nisizitumie mpaka kesho petroli ikauke, na akanionyesha kitu ambacho sikumwomba: alizipanga fimbo zote ukutani kwa urefu, akaniambia nisimame kando yake. "Hizi si zako, mama. Za mtu mrefu hizi. Baiskeli ya namna hii ningekushushia kiti."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mishiko mipya inayong'ata viganja vizuri, na maneno yale kichwani.

Jumamosi, Kongwa

Basi hadi Mbande, kisha gari dogo la abiria hadi Kongwa mjini. Mfuko wa fimbo ulikaa mapajani mwangu sehemu ya pili ya safari, na abiria wawili waliuliza kama ni vifaa vya kupimia ardhi. Njiani, kabla ya Chamwino, wanauza zabibu kwenye ndoo ndogo. Nilinunua mbili, moja ya shangazi.

Shangazi ana umri wa kutosha kuikumbuka Kongwa ya utoto wake baada ya Wazungu wa karanga kuondoka. Ukikaa naye jioni lazima habari hiyo ije. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga hapa Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, wakilenga ekari zaidi ya milioni tatu ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Walileta mashine za kila aina, mpaka matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Udongo wa hapa una mfinyanzi na chembe kali za mchanga. Kiangazi uligeuka mgumu kiasi kwamba karanga haziwezi kung'olewa, na majembe ya matrekta yakasagika upesi. Mapema mwaka 1951 mpango ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwishazama.

Nimekulia kwenye habari hiyo na kila mara niliisikia kwa upande wa siasa. Leo niliisikia kwa upande wa vifaa. Jioni nilipiga mipira michache kwenye shamba la shangazi lililokwishavunwa, nikaitazama fimbo namba saba chini: mikwaruzo mipya, mingi, iliyopita kwenye chuma iliyosuguliwa vizuri kiwandani. Udongo huohuo. Vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya ardhi nyingine vikaletwa hapa vikatarajiwa vifanye kazi ileile.

Shangazi alikuwa ameketi barazani anachambua mlenda. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaniita.

"Mwanangu, huo mchezo unacheza na nani?"

"Sasa hivi peke yangu, shangazi."

"Na anayekuhesabia ni nani?"

"Najihesabia mwenyewe."

Akatikisa kichwa. "Bao ukilicheza peke yako unazungusha kete tu."

Sikuwa na jibu, na sitajifanya nilikuwa nalo. Nilikuja na maelezo yangu ya mipini na viwiko, na yote ni kweli. Lakini Lugalo tulikuwa wanne kila Jumamosi, na sasa nilipolala kitandani nikajaribu kukumbuka raundi zangu bora za kule, sikukumbuka alama. Nilikumbuka nani alikuwa nami.

Jumapili, Kongwa

Baada ya kanisa, binamu yangu mdogo alitaka aone jinsi mpira unavyoingizwa shimoni, maana jana aliona ninapiga tu kuelekea kokote. Nikamwambia kwamba zamani, kwenye viwanja vingi vya nchi kavu za Afrika, hapakuwa na grini za majani, yaani lile eneo laini linalozunguka shimo. Walitengeneza za mchanga. Mchanga ulichekechwa, ukachanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe na ushikamane, ukalainishwa kwa kifaa cha kuburuta kila baada ya watu kupita. Kwa Kiingereza viliitwa *browns* kwa rangi yake.

Sisi hatukutia mafuta. Shangazi asingekubali karibu na bustani yake, na alikuwa na haki. Tulileta mchanga wa mtoni kwa toroli, tukautandaza mduara wa hatua nane hivi karibu na mwembe, tukaumwagia maji, tukaupitishia pipa tupu mara kadhaa, tukaumalizia kwa ubao mpana. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Kopo la maziwa ya unga tulilolipata lilikuwa karibu na kipimo hicho, tukalizika.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi miezi mingi. Mpira kwenye mchanga huenda taratibu na huenda ulikoelekezwa. Hakuna mwinuko wala majani yanayoulaza upande. Unachojifunza ni kitu kimoja tu, kupiga kwa nguvu inayotosha kufika. Binamu aliushika mchezo upesi. Tukashindana mpaka jua likazama, mimi kwa fimbo ya kusukumia ya kaka, yeye kwa namba tisa iliyolazwa. Fimbo ya kusukumia haijali urefu wa mtu wala ugumu wa mpini. Ndiyo pekee katika seti ile ambayo sikuwahi kuichukia.

Shangazi alihesabu. Tena alihesabu kwa haki isiyo na huruma, na nilipotaka kurudia pigo alikataa.

Jumatatu, njiani

Kutoka Kongwa hadi Kibaigwa, kupitia malori yaliyopanga foleni kwenye soko la mahindi, kisha Gairo kwenye upepo, Dumila na nyanya zake, Morogoro. Nimefika nimechoka. Kiwiko kinauma kidogo. Nimepaka dawa nikalala mapema.

Jumanne, Morogoro

Hii ndiyo siku niliyoijia, na nitaieleza yote.

Kiwanja cha gofu cha Morogoro kina mashimo tisa na kiko chini ya milima ya Uluguru. Ukitoka Dodoma, kitu cha kwanza kinachokupata ni unyevu. Hewa ina harufu ya majani yaliyokatwa, miti ni mikubwa, na mpira ukiuweka unakaa juu ya majani. Nilisimama kwenye tii ya kwanza, mahali pa kuanzia shimo, nikiwa na fimbo za kaka, na kwa muda sikutaka kupiga. Nilitaka kusimama tu.

Niliunganishwa na watu wawili nisiowajua. Mmoja ni mzee mstaafu aliyefundisha kilimo maisha yake yote, mwingine ni mama wa makamo yangu mwenye duka la vitambaa mjini. Kedi wangu, yaani mbeba mfuko, alikuwa kijana mtulivu, na alipobeba mfuko tu akaupima kwa bega. "Mama, mzigo huu ni wa baba." Kila mtu anauona ila mwenye kuubeba.

Mashimo mawili ya kwanza sikujisikia kitu. Nalisema hili kwa sababu watu wanaopoteza hamu huambiwa kwamba wakirudi uwanjani tu itarudi yenyewe. Haikurudi. Nilipiga, nikatembea, nikapiga. Kwenye shimo la pili mpira uliingia kwenye nyasi ndefu tukautafuta dakika tatu zinazoruhusiwa na sheria tangu 2019, hatukuuona, na nilihisi nafuu kwamba shimo limekwisha. Mtu akifika mahali pa kufurahia kupotea kwa mpira wake, ajue hali ni mbaya.

Kwenye tii ya tatu yule mama wa vitambaa, ambaye alikuwa ananitazama kimya, alinipa fimbo yake. Namba saba ya kike, mpini wa grafaiti.

"Dada, jaribu hii mara moja tu. Kiwiko chako kinanitia huruma."

Kisheria katika shindano asingeweza kunipa fimbo yake katikati ya raundi. Lakini hatukuwa kwenye shindano, na mzee alisema kwa sauti kubwa kwamba leo tunacheza kwa afya. Nikaizungusha mara mbili hewani. Wepesi wake ulinishtua; nilihisi kichwa cha fimbo kiko wapi wakati wote, juu na chini, jambo ambalo kwa chuma cha kaka sijawahi kulihisi. Kedi akaniambia maneno niliyoyaandika hapa neno kwa neno: "Usiupige, mama. Acha fimbo ishuke yenyewe, mpira uko njiani mwake."

Mpira ulipanda. Sijui niandike nini zaidi ya hapo. Ulipanda juu, kwa mwendo ule wa polepole wenye kujiamini, ukashuka karibu na grini, na mikononi hapakubaki kitu. Hakuna mtikisiko, hakuna maumivu. Yule mama alipiga makofi, akaniambia niendelee nayo, yeye namba sita inamtosha.

Kuanzia hapo tulicheza kwa pointi za Stableford, kwa pendekezo la mzee. Naupenda mtindo huu na natamani wanaoanza wote waanzie hapo. Daktari Mwingereza, Frank Stableford, aliubuni kwa sababu wachezaji wa kawaida walikuwa wanakata tamaa mapema na kuacha kadi zao. Shindano lake la Wallasey lilifanyika mwaka 1932. Baada ya kupunguza handikapu yako, ukifikisha kiwango cha shimo, yaani idadi ya mapigo iliyopangiwa shimo hilo, unapata pointi mbili, ukizidisha pigo moja unapata moja, ukipunguza pigo moja unapata tatu. Ukiharibu kabisa unapata sifuri, unaokota mpira wako, unakwenda shimo linalofuata ukiwa huna deni. Kwa hesabu ya kawaida, shimo moja la mikwaju kumi na moja linaweza kukuandama mpaka jioni. Kwa Stableford linaishia palepale.

Shimo la tano nilipata pointi tatu. Mzee alinivulia kofia. La sita nilipata sifuri na hakuna aliyesema kitu, tukaendelea na mazungumzo yetu ya bei ya saruji. La saba niliingia kwenye bunka, lile bonde la mchanga la kukwamisha mpira, na hapo nikaitoa ile fimbo ya mchanga ya nyuzi 56 iliyonitesa Ihumwa. Mchanga ulikuwa mwororo, mkavu juu. Nikapiga nyuma ya mpira kidogo, tako likateleza chini yake, na mpira ukatoka laini ukaketi kwenye grini. Fimbo ileile.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Mpira ulikwenda mfupi kuliko nilivyozoea, hata nilipoupata vizuri. Kedi alinielewesha, na ni kweli: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na ardhi inaviringisha mpira mbele. Morogoro iko chini sana ya hapo, hewa ni nzito, majani yanaushika. Kwa hiyo umbali niliokuwa najipimia kwenye uwanja wa vumbi ulikuwa unanisifu kuliko ninavyostahili. Nimeyaandika makadirio mapya pembeni ya daftari.

Tulipomaliza tisa tulikaa chini ya mti tukanywa chai. Nikawaeleza hali yangu bila kuficha. Mzee alisikiliza, akasema kwamba siku hizi raundi ya mashimo tisa nayo inaingizwa kwenye handikapu, na tangu mfumo mmoja wa dunia uanze mwaka 2020 mtu anaweza kuwa na handikapu hadi 54, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuniulizia ile 24 yangu ya Lugalo iko wapi. "Anza upya na namba itakayotoka, mwanangu. Namba haina kumbukumbu." Yule mama akaniuliza swali la shangazi kwa maneno mengine: huko Dodoma nina nani?

Nikawataja watu wawili wa ofisi za jirani pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, ambao nao waliwahi kucheza Dar, na ambao kila tukikutana kwenye foleni ya chakula tunasema "tutafutane." Nikampigia mmoja simu palepale, chai ikiwa mkononi. Alipokea, akacheka, akasema mfuko wake nao uko chini ya kitanda.

Kaka nilimpigia usiku.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Umecheza?"

Nikamweleza yote, na nikamwambia nataka kuziachia fimbo za chuma. Nilikuwa naogopa mazungumzo haya kwa miaka, kwa sababu seti ile ni sehemu ya yeye kunipenda. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile ya kusukumia nayo naiacha. Nikamwambia hiyo hapana. Akasema basi, zilizobaki mpe anayezifaa, ila asiwe mtu wa kuziweka ukutani.

Jumatano, treni ya kurudi

Asubuhi nimerudi kiwanjani na kumkabidhi kedi namba tatu hadi namba tisa, na draiva, ile fimbo ya mapigo marefu. Ni mrefu, ana mabega, anacheza na fimbo za kuokoteza, na wachezaji wengi wazuri wa nchi hii walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Alizipokea kwa mikono miwili. Yule mama wa vitambaa ameniuzia baadhi ya fimbo zake za akiba kwa bei ya undugu: namba saba, namba tisa, fimbo moja ya mbao namba tano, na ya mseto, iliyo kati ya mbao na chuma. Ukiongeza fimbo yangu ya mchanga na ile ya kusukumia, mfuko una fimbo sita. Sheria inaruhusu zisizidi 14 na haisemi zisipungue ngapi. Kwa wiki chache zijazo sitaongeza hata moja. Kitu kitakachofuata, nikipata hela, ni fimbo fupi yenye tako jembamba kwa ajili ya udongo wa kwetu, nyuzi nne hadi sita za uvimbe, si zaidi.

Treni hii ya umeme ilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, na kwa mtu wa gofu wa Dodoma imebadilisha hesabu. Nilikuwa naifikiria Dar na kuichoka kabla sijaondoka. Sikuwa nimefikiria Morogoro. Hapa nilipo, tukiingia kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, naandika ratiba ya tuliyokubaliana kwa simu jana na leo: watu watatu, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, treni ya asubuhi, mashimo tisa au kumi na nane kulingana na joto, Stableford, na kurudi jioni. Katikati ya mwezi mazoezi ya Ihumwa kwa namba tisa peke yake, mapigo mafupi, bila kulazimisha kiwiko.

Hamu haijarudi yote. Nikiipima leo ni kama theluthi ya ile ya Lugalo, na mashimo mawili ya kwanza ya jana sijayasahau. Lakini kiwiko hakiumi asubuhi hii, na mwenzangu wa Mtumba ameshanitumia ujumbe mara mbili kuuliza aje na mipira mingapi.

Nimemjibu aje na mingi. Pale shimo la pili pana nyasi ndefu.